Debe la Nne

Mbwa wangu anaitwa Watasema.
Jina alimpa marehemu kaka
mwaka aliogombana na mashemeji,
ili kila akimwita kula jioni
ujumbe ufike nyumba ya pili bila nauli.

Leo Novemba, umande haujakauka,
tunatoka Mahuta kwa njia ya nyuma ya ghala,
mimi na debe tupu kichwani,
yeye mkia juu kama bwana shamba.

Shamba ni la Bi Somoe Nampunju:
mikorosho sabini na mmoja.
Huo mmoja haujazaa tangu upigwe radi,
lakini anauhesabu.
Makubaliano yetu hayajaandikwa popote.
Naokota, nakonyoa, madebe matatu yake,
la nne langu.
Na mbwa abaki nje ya ua, yeye ana udhu.

"Nasikia hodi yako, na nasikia kucha zake,"
anasema toka ndani. "Asivuke jivu."
Kweli, upo mstari wa jivu mlangoni,
umechorwa kwa ajili ya siafu,
na Watasema anauheshimu kuliko siafu wenyewe.

Chini ya mkorosho unainama kama aliyepoteza pete.
Bibo jekundu, bibo la njano,
hili limepasuka, nyigu wameshafika harusini.
Unalishika, unazungusha, korosho inatoka: tk.
Kiuno kinajua hesabu kabla ya kichwa.
Maji yake yakidondokea kanga, basi,
doa halitoki mpaka msimu uishe.
Ndivyo tunavyoambiana,
na kila mwaka nafua bure kuhakikisha.

Debe la pili limefika shingoni
ndipo anabweka, kule kwenye mpaka.
Si kubweka kwa nyoka, huko nakujua.
Ni kubweka kwa aliyeokota kitu
akakosa wa kumwonyesha.
"Watasema!" naita. "We, Watasema!"
Toka shamba la jirani, sauti ya mwanamume:
"Waache waseme!"

Amefukua majani makavu.
Chini yake, nusu gunia la korosho,
limefungwa mdomo kwa kamba ya kiatu.
Kiatu cha shule, cheusi.
Naijua kamba hiyo. Chilemba, mjukuu wake,
wiki nzima anatembea mguu mmoja ukiburuza.
Kangomba hupita usiku na bakuli lao,
hawaulizi stakabadhi,
hawasubiri mnada.

Bi Somoe amefika nyuma yangu, sikumsikia.
Anaitazama kamba.
Mbwa anatutazama kwa zamu,
anangoja sifa.

Nikafungua mdomo.
"Mwaka jana," akasema, "malipo yalikuja Machi.
Madaftari yalitakiwa Januari."

Akachuchumaa, magoti yakalalamika.
Fundo lilikuwa legelege, la kitoto.
Akalifungua,
akalifunga upya, fundo la mtu mzima,
akarudisha majani, makavu juu, mabichi chini,
akarudi nyuma hatua mbili kuangalia
kama panafanana na pengine.

Kisha, mara ya kwanza tangu nimjue,
akasema na mbwa:
"Na wewe, pamoja na jina lako hilo,
hujaona kitu."
Akatoa muhogo wa kuchoma kwenye pindo,
akaukata, akamtupia kipande.
Hakumgusa. Lakini alitupa karibu.

Saa nne jua limekaza, la nne limejaa.
Juu yake ananipangia mabibo kumi,
na ming'oko ya kuchemsha kwenye jani la mgomba.
Sikuuliza ya nini.

Njiani watu wako vibarazani.
"Msimu vipi?"
"Upo."
Shingo imezama chini ya debe,
mbwa ametangulia mbali, anakata kona,
anaingia uani kwa watu, anafukuza kuku wao.
Simwiti.
Mpaka tunafika kwetu, simwiti jina.